Nembo, Baragumu na Kisahani cha Mpagazi

Katika kamusi kongwe za lugha yetu, nembo haikuwa kitu cha kubandikwa kofiani. Lilikuwa ni jina la chale, yaani alama iliyokatwa usoni au kifuani ili mtu ajulikane kabila lake popote atakapokanyaga. Chale haivuliki. Haiuzwi mnadani, na mwenye nayo huzikwa nayo. Neno hilo lilipohamishwa kutoka ngozini na kutiwa katika shaba lilibakiwa na kazi ile ile ya kutambulisha, ila lilipata sifa moja ambayo chale haikuwa nayo: nembo ya shaba huweza kumwacha mwenyewe. Askari hufa, hustaafu, hutoroka au hubadili bendera. Kibati alichokibeba juu ya kipaji cha uso hubaki katika mkebe wa biskuti, kikapita mkono hadi mkono, na mwishowe kikatua kiganjani mwa mtu ambaye hakuwahi kulisikia jina lake.

Mtu huyo wa mwisho ndiye mkusanyaji. Aghalabu watu humcheka, kama wanavyomcheka mwenye kukusanya stempu au vifuniko vya chupa, na yumkini wakati mwingine hustahiki kuchekwa. Lakini kazi yake ikifanywa kwa uaminifu ina manufaa ambayo mwanahistoria wa makaratasi hayapati kwa urahisi. Karatasi husema kikosi kiliundwa mwaka fulani; shaba husema askari wa kikosi hicho alionekanaje asubuhi alipojipanga mstarini, na alipigwa muhuri wa nani.

Kwa wapenzi wa lugha, msamiati peke yake ni hazina. Cheo cha askari kilichoshonwa mkononi huitwa tepe, neno tulilolichukua kwa Waingereza na kulitia irabu ya mwisho likatulia. Nishani imetoka Uajemi, na maana yake ya asili ni alama tu, dalili ya kitu. Afande, neno linalosikika leo katika kila kituo cha polisi kuanzia Pemba hadi Kigoma, ni *effendi* ya Waturuki. Halikuja na dhau. Lilikuja mwaka 1889 pamoja na askari wa Kisudani aliowaandikisha Hermann von Wissmann huko Misri ili kuvizima vita vya Abushiri bin Salim na Bwana Heri, na pamoja nalo yakaja ombasha, shaushi na bashaushi, vyeo vya jeshi la Kiosmani vilivyovaliwa na Wasudani, kwa mshahara wa Wajerumani, katika pwani ya Waswahili. Ombasha na shaushi walikufa na dola iliyowaleta. Afande alinusurika, akawatumikia Waingereza, kisha akatutumikia sisi.

Nishani nayo ina kisa chake visiwani. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, aliona kwamba wafalme wa Ulaya hutunukiana nyota za kifuani, naye akaanzisha nyota yake, Kaukab Durri. Maneno hayo mawili yamo katika Sura ya Nuru, na kila mwana wa chuoni huyajua. Hapo ndipo lilipokaa jambo la kupendeza: umbo la kitu lilikuwa la Kizungu, nyota yenye miale na utepe, lakini jina lilichaguliwa na mtu mwenye sikio la lugha. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyota hizo hazikuwa na mahali pa kuvaliwa tena. Zinazoonekana leo huonekana zaidi katika minada ya London kuliko Mji Mkongwe.

Huko Uingereza, ambako pumbao hili la kukusanya nembo limeota mizizi mirefu kuliko kwingine, mambo yalianza na kifungo. Mwaka 1767 iliamriwa kwamba vifungo vya koti la askari viwe na namba ya rejimenti yake. Kwa zaidi ya miaka mia moja askari wa Kiingereza alijulikana kwa namba, kama mfungwa, na akaipenda namba hiyo hata alipokuja kunyang'anywa mwaka 1881, rejimenti zilipounganishwa na kupewa majina ya majimbo, palikuwa na manung'uniko makubwa. Namba zilipoondoka, picha zikachukua nafasi: simba, chui, ngome, kulungu, nyota, manyoya ya mbuni. Kabla karne ya kumi na tisa haijaisha, nembo ya chuma ya kofiani tunayoijua leo ilikwishazoeleka.

Baadhi ya picha hizo ni mafumbo yenye jibu, na mwenye kupenda mafumbo hawezi kuyapita. Rejimenti ya Gloucestershire ilivaa nembo mbili, moja mbele ya kofia na nyingine ndogo nyuma, zote zikiwa na Abulhaul, lile sanamu la Misri lenye mwili wa simba na kichwa cha binadamu. Jibu la fumbo liko Aleksandria, tarehe 21 Machi 1801. Siku hiyo kikosi cha 28 kilishambuliwa na Wafaransa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Safu ya nyuma ikaamriwa igeuke, na watu wakapigana mgongo kwa mgongo. Kwa hiyo walipewa haki ya kuvaa alama kisogoni. Anayeikuta ile nembo ndogo peke yake, bila kujua kisa, hudhani ni ya mtoto.

Jinsi kitu hiki kinavyotengenezwa ni muhimu kukielewa, kwani humo ndimo ukweli na uongo unamotenganishwa. Fundi huchonga picha kinyumenyume katika pande la chuma kigumu. Bamba jembamba la shaba ya njano au madini meupe huwekwa juu yake na kugongwa kwa mashine yenye uzito mkubwa. Kingo hukatwa, matundu hutobolewa, kisha nyuma huunganishwa kishikizo kwa risasi ya kuyeyusha. Birmingham ndio mji uliokuwa mama wa kazi hii. Vishikizo ni vya namna mbili hasa: vikono viwili vya waya vinavyopenyezwa kitambaani na kufungwa kwa pini, na ulimi mmoja bapa unaochomekwa katika mfuko wa kofia. Vita Kuu ya Pili ilipoifanya shaba kuwa adimu, nembo nyingi zilitengenezwa kwa plastiki ya rangi ya hudhurungi au kijivu. Askari walizichukia, zikavunjika, zikatupwa, na kwa sababu hiyo zilizobaki zinatafutwa. Kuanzia miaka ya hamsini ikaja alumini iliyotiwa rangi, isiyohitaji kung'arishwa. Hilo liliwapunguzia askari kazi na likawanyima wakusanyaji dalili yao kubwa.

Maana dalili kubwa ni uchakavu. Askari wa zamani aliisugua nembo yake kila siku kwa dawa na kitambaa, miaka nenda miaka rudi, mpaka sehemu zilizoinuka zikalainika kama kokoto la mtoni, pua ya simba ikafutika, ilhali katika mashimo madogo mabaki ya dawa yaligandamana meupe. Nyuma, asikokuona mkaguzi wa gwaride, shaba iliachwa ikawa nyeusi. Mwenye kughushi huweza kuigiza umbo lakini ni shida kwake kuigiza mkono wa mtu uliosugua kwa miaka kumi na miwili. Hujaribu: huchovya katika asidi, huzika katika mchanga. Lakini uchakavu wake huwa sawa mbele na nyuma, na hilo humsuta. Shida kubwa zaidi ni nembo iliyogongwa upya kwa muhuri wa zamani. Hiyo si bandia kwa umbo, ni bandia kwa wakati. Anayeinunua hujifunza kutazama ulimi, unene wa bamba, na ukali wa kingo.

Hewa ya pwani nayo ni adui. Chumvi huleta kutu ya kijani, na nyumba nyingi za visiwani hujua dawa moja tu ya shaba iliyoota kijani: ndimu, au ukwaju, na majivu. Sinia na birika hurudi kung'aa kama zilivyotoka dukani. Nembo iliyosuguliwa hivyo nayo hung'aa, na kwa mkusanyaji huwa imeuawa.

Tarehe 1 Januari 1902 Waingereza waliviunganisha vikosi vyao vya Nyasaland, Uganda, Kenya na Somalia ya Kiingereza kuwa jeshi moja la batalioni sita, King's African Rifles. Kwa herufi za mwanzo lilikuwa KAR, na vinywa vya Waswahili vikalifanya Keya. Askari wa Keya wa miaka ile ya kwanza alivaa fulana nzito ya buluu iliyoiva, kaptula ya kaki, vitambaa vya kuzungushia miguu, na kofia ya tarbushi yenye kifuniko cha kaki chenye pazia la kukinga shingo. Miguuni alivaa makubadhi, au hakuvaa kitu, kwa hoja kwamba mtu wa shamba hakuzoea viatu. Ndiyo kusema alama ya mfalme ilipandishwa kichwani kabla ya kiatu kushushwa mguuni.

Juu ya kifuniko hicho cha tarbushi ndiko kulikokaa namba ya batalioni, na hapa kuna jambo ambalo kila mwenye kujua hati ya Kiarabu atalipenda. Namba hizo hazikuandikwa zote kwa namna moja. Baadhi ya batalioni zilivaa namba za Kirumi, baadhi za Kiarabu, na batalioni ya sita, iliyotokana na Wasomali, ilivaa namba ya Kiarabu. Jeshi moja, mfalme mmoja, hesabu mbili. Mtu aliyesoma chuoni tu, ambaye hakuijua hata herufi moja ya Kizungu, aliweza kuisoma kofia yake mwenyewe.

Nembo ya Keya ilikuwa baragumu lililoning'inia kwa kamba, namba ya batalioni ikikaa baina ya kamba hizo. Picha hiyo Waingereza hawakuibuni kwa ajili ya Afrika. Ilikuwa alama ya vikosi vyao vyepesi na vya bunduki, waliopigana kwa kutawanyika vichakani badala ya kusimama safu kwa safu. Ngoma haikuwafaa, wakaongozwa kwa pembe, kama wawindaji. Lakini picha ikihama hupata jamaa wapya. Katika pwani hii pembe ilikuwa na hadhi yake zamani kabla ya Keya. Pate ilikuwa na siwa yake ya pembe za ndovu na Lamu siwa yake ya shaba, na mtu hawezi kuingia Makumbusho ya Lamu akatoka bila ya kuzikumbuka. Siwa haikupigwa ovyo. Ililia kwa harusi na mazishi ya wenye nasaba, na aliyenyimwa siwa alijua amenyimwa nini. Kuna ubaya fulani katika kuona pembe, alama ya uungwana wa mji, ikigeuzwa namba ya kambi. Lakini vijana walioivaa hawakuwa lazima wakifikiri hivyo, na yaelekea wengi waliivaa kwa fahari.

Ushahidi wa fahari hiyo uko katika beni. Ngoma hii, ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975, ilizaliwa pwani, ikaenea hadi maziwa makuu na Nyasaland, na Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoipeleka mbali zaidi, ikisafiri pamoja na askari na wapagazi. Marini na Arinoti, Kingi na Skochi: makundi yalishindana kwa mavazi, kwa gwaride na kwa tungo za kuumbuana, na wanachama wakajipa vyeo vya jeshi na jeshi la majini. Wazungu waliotazama walidhani wanaigwa. Wengine waliogopa kwamba wanadhihakiwa. Huenda yote mawili yalikuwa kweli. La yakini ni kwamba watu wa mwambao waliona upesi kuliko wengine kwamba sare na alama zake ni lugha, na lugha huweza kutungiwa.

Upande wa pili wa mpaka, askari wa Wajerumani walivaa tai wa dola juu ya tarbushi ya kaki, madini meupe yenye mabawa yaliyotandazwa. Vita vilipofika 1917, Waingereza waliwashika wengi wa askari hao, na wengine walijileta wenyewe, na kutokana nao ikaundwa upya batalioni ya sita ya Keya. Watu wale wale waliofundishwa kwa Kijerumani, wenye makovu ya vita upande wa tai, walivuliwa tai wakavikwa baragumu. Mkusanyaji anayeweka vitu hivyo viwili katika visanduku viwili, kimoja Ujerumani na kingine Uingereza, anafuata desturi ya vitabu vya marejeo, lakini anamkata mtu mmoja vipande viwili. Mwaka huo huo iliundwa batalioni ya saba, na chimbuko lake lilikuwa askari wa Zanzibar. Na Mombasa kulikuwa na kikosi cha Waarabu kilichoanzishwa mwaka 1914 na Arthur Wavell, Mwingereza ambaye miaka michache kabla ya vita alikwenda Makka kwa kujificha. Aliuawa Mwele tarehe 9 Januari 1916. Vikosi vidogo namna hii, vilivyodumu miezi au miaka michache, ndivyo vinavyowakosesha wakusanyaji usingizi, na ndivyo vinavyowalisha wenye kughushi.

Lakini kitu cha shaba chenye uzito kuliko vyote katika vita vile si nembo. Ni kisahani. Waingereza waliwakusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu ili kubeba risasi na chakula katika nchi isiyo na barabara, ambamo mbung'o waliua kila punda na ng'ombe. Hapo kwanza watu walichukuliwa bila ya hesabu ya maana. Baadaye Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wao, akaweka utaratibu wa daftari na alama za vidole, na mpagazi akapewa kisahani cha chuma chenye namba. Hakikuwa na tai wala baragumu. Hakikukusudiwa kupendeza. Kilikuwa ni njia ya kujua nani alipwe, na nani akifa apunguzwe kitabuni. Kundi hilo liliitwa Carrier Corps, ndimi zetu zikalifanya Kariakoo, na hilo ndilo jina la soko la Dar es Salaam lililo juu ya kambi yao. Nairobi nayo ina Kariokor yake. Waliokufa upande wa Waingereza hukisiwa kuwa zaidi ya 95,000, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mishahara ya maelfu ya marehemu haikuchukuliwa na mtu, na serikali zilibishana kwa miaka kuhusu fedha hizo ziwe za nani.

Katika vitabu vya marejeo vya wakusanyaji, baragumu hupewa picha na maelezo ya kila aina ya ulimi na kikono. Kisahani hakina mahali, kwa kuwa si nembo ya kofia. Kosa hilo la mpangilio lina matokeo. Kitu kisicho na ukurasa hakina bei. Kisicho na bei hakitunzwi. Na ndiyo maana baragumu zimejaa katika makabati ya watu ilhali visahani viliyeyushwa, vilipotea, au vilizikwa shingoni mwa waliovivaa. Sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya askari peke yake. Nairobi, katika sanamu za mwaka uliofuata, walau mpagazi amesimamishwa pamoja naye.

Medali zilizotolewa baada ya vita vile zina hadithi tofauti kidogo, nayo ni ya faraja. Ukingoni, katika unene wa fedha yenyewe, medali ya Vita Kuu ya Kwanza iliandikwa namba, cheo, jina na kikosi cha aliyeipewa. Mtafiti akiinamisha medali kwenye mwanga husoma jina la mtu, mara nyingi limeandikwa kwa tahajia mbovu ya karani aliyelisikia kwa sikio la Kiingereza. Medali na nyota za Vita Kuu ya Pili Waingereza walizitoa bila jina. Kwa hiyo mjukuu wa askari wa 1916 huenda akaitambua medali ya babu yake katika orodha ya mnada. Mjukuu wa askari wa Burma hawezi.

Askari hao wa Burma walikuwa na alama nyingine, ya kitambaa, iliyoshonwa begani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw katika mvua za 1944 na kufika mto Chindwin mwishoni mwa mwaka, ilivaa kichwa cha kifaru. Wenzao wa Divisheni ya 81 kutoka Afrika Magharibi walivaa buibui mweusi, naye ni Ananse, mjanja wa hadithi zao, ndugu wa Sungura wetu. Ni katika nadra za vita kwamba mnyama wa hadithi za bibi alivalishwa sare na kupelekwa Asia. Kifaru ni alama nzuri, ila mtu hawezi kujizuia kufikiri kwamba lau alama yetu ingechaguliwa na wasimulizi, Sungura angeshonwa begani badala yake.

Kuna upande wa medali ambao haupasi kupitwa kwa haraka. Juu ya utepe wa medali ya Afrika iliyoanzishwa 1902 hubandikwa kibamba chenye jina la mahali au vita, na wakusanyaji hushindana kupata vibamba adimu: Jubaland, Jidballi, Shimber Berris, Nandi 1905-06. Ni majina yenye sauti tamu. Mshairi angeweza kuyatia vina. Lakini kibamba cha Nandi kinahusu kampeni ambayo tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani akapigwa risasi na Richard Meinertzhagen, afisa wa batalioni ya tatu ya Keya. Meinertzhagen naye alikuwa mkusanyaji. Fimbo za utawala za Koitalel zilikwenda Uingereza pamoja naye, zikakaa huko karne nzima, na zikarudishwa Kenya mwaka 2006. Vitu viwili, basi, vilitoka katika asubuhi ile: kibamba cha fedha ambacho mwenye nacho hukinadi kwa fahari, na fimbo ambazo wenyewe walizidai kwa miaka. Mkusanyaji anayekishika cha kwanza bila ya kukijua kisa cha pili ana chuma tu mkononi.

Batalioni ile ya sita, ya tai aliyegeuka baragumu, ilikuwa na safari ndefu bado. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito nchini Ethiopia, Sajini Nigel Leakey wa batalioni hiyo alirukia kifaru cha chuma cha Waitaliani, akakiteka na kuendelea hadi akapotea. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria baada ya kufa. Kambi ya Dar es Salaam ikaitwa Colito kwa kumbukumbu hiyo. Mwaka 1961 batalioni ikawa Tanganyika Rifles, na afisa wake mmoja, Alexander Nyirenda, ndiye aliyeusimika Mwenge kileleni mwa Kilimanjaro usiku wa Uhuru. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito waliasi. Jeshi likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likaundwa Jeshi la Wananchi. Kambi nayo ikapewa jina jipya, Lugalo, pale ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski. Jina la ushindi wa jeshi la mfalme likaondolewa, likawekwa jina la kushindwa kwa jeshi la tai. Nembo za Tanganyika Rifles hazikufikisha hata miaka mitatu kofiani, na ni adimu mno.

Mwenye kutaka kukusanya leo hana budi kuijua sheria. Sare na alama za jeshi lililopo si mali ya raia, na Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa raia siku saba kuzirudisha sare na mavazi yanayofanana nazo. Vitu vya majeshi yaliyokufa ni jambo jingine, lakini aliye na mkebe wa babu afanye jambo moja kabla ya kuuonyesha kwa mnunuzi: aandike kwenye kikaratasi jina la babu, kijiji chake na alichokuwa akikisimulia, akiweke pamoja na shaba. Asiisugue. Asiitie ndimu.

Mwaka huo huo wa 1964, serikali ya Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani wa Lettow-Vorbeck mishahara ambayo hawakuipata tangu waliposalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Husimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walijikusanya Mwanza. Wachache tu walikuwa na hati alizowaandikia mkuu wao. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu, na wengi hawakuwa na kitu chochote cha kuonyesha. Ndipo Mjerumani aliyekuja na fedha alipomwita kila mzee mbele, akamkabidhi ufagio mahali pa bunduki, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha. Husimuliwa pia kwamba hakuna hata mmoja aliyekosea.